Kuusahihisha Mchezo wa Kompyuta

Wasomaji wa kitabu chetu hiki mmezoea kukuta ndani yake khabari za arusi, majina ya watoto waliozaliwa, ya waliofaulu mitihani, na ya wazee wetu waliotangulia mbele ya haki. Mwaka huu mhariri amenipa kurasa niandike juu ya mchezo wa kompyuta, na najua wapo watakaofunua upesi wakisema Mwalimu sasa amezeeka. Nawaombeni msifunue. Jambo lenyewe linahusu mfuko wetu wa elimu, na fedha zilizomo ni zenu, ninyi mlio Maskati na Sib, mlio Portsmouth na London, na mliobaki kwetu Unguja.

Kisa ni hiki. Mfuko umepokea barua mbili za maombi, na una uwezo wa kulipia mtu mmoja tu. Barua ya kwanza ni ya mjukuu wa dada yangu, msichana aliyeko Unguja, anayetaka kusomea uuguzi. Ya pili ni ya mjukuu wangu mwenyewe, kijana wa miaka 19, anayetaka kwenda Uingereza kusomea utengenezaji wa michezo ya kompyuta kwa miaka mitatu. Katika barua yake hakutia vyeti peke yake. Alitia pia mchezo alioanza kuutengeneza nyumbani, akiutumia mchezo maarufu wa kampuni ya Nintendo ya Japani, yule yule shujaa na wale wale maadui, na akaandika kwamba mfano anaoufuata ni kazi ya Muargentina mmoja iitwayo AM2R.

Wajumbe wakagawanyika. Ami yake, ambaye ni mtu wa sheria, alisema mfuko wa ukoo hauwezi kumwinua kijana ambaye kazi yake ya kwanza ni kuchukua mali ya watu. Mama yake mdogo akajibu kwamba watoto wote hujifunza kuandika kwa kufuatiza khati ya mwalimu. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mmoja wao akasema: "Mpelekeeni Mwalimu huo mchezo wa Muargentina ausahihishe. Atuambie kama una kitu ndani yake au ni upuuzi."

Kwa kuwa mwombaji mmoja ni damu yangu, mwanzo nilikataa. Wakaniambia kwamba msichana naye ni damu yangu, na hakuna mwengine katika ukoo huu mwenye subira ya kusoma kazi ya mtoto mpaka ukurasa wa mwisho. Elimu yangu ni ya chuoni kwa maalim na ya skuli ya sekondari, basi, lakini nimesahihisha madaftari kwa miaka 31, na hilo sikuweza kulikanusha.

Kwa wale wasiojua, michezo ya namna hii imejengwa juu ya tendo moja, nalo ni kuruka. Kwenye kioo yupo mtu mdogo ambaye unamtazama kwa ubavuni. Anakimbia, anapanda, anaruka kutoka ukingo hadi ukingo, na akikosa anaanguka. Donkey Kong ya mwaka 1981 na Super Mario Bros. ya mwaka 1985, zote za Nintendo, ndizo zilizoufundisha ulimwengu mchezo huu. Wale watoto wa kwetu waliokuwa wakijitupa baharini kutoka ukuta wa Forodhani wangeufahamu bila ya kuelezwa, maana siri yake yote ni kujua wakati wa kuuacha ukuta.

Tarehe 6 Agosti 1986 Nintendo ilitoa mchezo wa jamii hii ulioitwa Metroid, nao ulikuwa na tabia yake mbali. Mario huenda kulia mpaka afike mwisho. Katika Metroid unakwenda kulia, kushoto, juu na chini ndani ya mapango, unakuta mlango usioweza kuufungua, unaondoka, na baadaye sana, ukishapata chombo kinachofaa, inakubidi ukumbuke mlango ulikuwa wapi. Shujaa wake, Samus Aran, amevaa deraya toka utosini hadi nyayoni. Mchezaji aliyemaliza upesi alimwona mwisho akiivua, na ndipo alipogundua kwamba muda wote ule alikuwa mwanamke. Mimi niliyefundisha wasichana hesabu, tena nikiulizwa na baba zao hesabu zitawafaa nini, jambo hilo lilinipendeza.

Mchezo wa pili, Metroid II: Return of Samus, ulitoka mwaka 1991 kwa ajili ya Game Boy, ile mashine ndogo ya mkononi ambayo ndugu zetu wengi waliwanunulia watoto. Huo ndio aliouchukua Muargentina akautengeneza upya. Basi nikamwambia mjukuu wangu kwamba tafsiri haisahihishwi kabla ya kusoma asili. Mpwa wangu wa Sib alikuwa bado na Game Boy yake kabatini, na kaseti ya mchezo nayo ilipatikana. Tukaanzia hapo.

Kila siku baada ya alasiri, kwa majuma matano, tulikaa sebuleni. Vidole vyangu vina baridi yabisi, kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye aliyeshika vitufe nami nikashika penseli. Kioo cha Game Boy kina nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu, na rangi zake ni nne tu, zote za kijivu cha kijanikijani. Samus amechorwa mkubwa juu ya kioo hicho kidogo, hata huoni ila hatua chache mbele yake. Ramani hakuna. Mapango yanafanana. Nikachukua daftari la hesabu lenye miraba nikachora ramani mwenyewe, na bado tulipotea.

Hadithi yake ni fupi na si nyepesi. Samus ametumwa kwenye sayari iitwayo SR388 kuwamaliza Metroid, viumbe wanaofyonza uhai wa wengine, asibakie hata mmoja. Pembeni mwa kioo pana hesabu ya waliobaki. Inaanza na 39, na kila umwuapo mmoja inapungua. Ukimaliza wa eneo moja, ardhi inatetemeka na tindikali iliyoziba njia inashuka, nawe unazidi kuteremka. Viumbe wenyewe hujivua ngozi na kubadilika kadiri unavyoshuka, kila aina kubwa na kali kuliko iliyotangulia, mpaka unafika kwa malkia wao. Hesabu ikisomeka 1, ukadhani umekaribia kumaliza, ghafla inaruka na kuwa 9. Mjukuu wangu alikuwa akinitazama mimi, si kioo, wakati ilipotokea.

Kisha malkia anakufa, na lipo yai moja. Linapasuka. Mtoto wa Metroid anatoka, anamwona Samus, na anamdhania ni mamaye. Yule aliyetumwa asiache hata mmoja hampigi. Wanapanda pamoja kwenda juu, na mtoto anakula vizuizi vilivyoziba njia ili mama yake apite. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Niliomba tusimamishe kidogo nikajifanya natafuta miwani.

Sasa nije kwa Muargentina. Anaitwa Milton Guasti. Alitumia programu iitwayo GameMaker, iliyokusudiwa watu wasio mafundi wakubwa, akafanya kazi katika saa zake za mapumziko kwa karibu miaka kumi, akisaidiwa na wapenzi wengine wa mchezo huo. Jina AM2R ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Metroid ya 2 nyengine iliyotengenezwa upya", na hilo neno "nyengine" ni mzaha wake mwenyewe, kwani si yeye wa kwanza kujaribu. Akautoa tarehe 6 Agosti 2016, siku Metroid ilipotimiza miaka 30, bila ya kumtoza mtu hata senti.

Ami mtu wa sheria aliposikia tumeanza kuucheza alinipigia simu. "Mwalimu," aliniambia, "hata kuutia mkononi ni kushiriki." Nikamjibu kwamba hakimu huletewa kisu mezani akakitazama, na hakuna anayesema amekiiba. Alicheka, lakini hakuridhika, na hoja yake nitaifikia.

Kwanza mwendo. Hapa nimempa Guasti 19 juu ya 20, na sina desturi ya kutoa 19. Ukikibonyeza kitufe kidogo, Samus anaruka kidogo. Ukikishikilia, anapaa. Akiugusa ukingo kwa ncha za vidole anaudaka na kujivuta juu, jambo asiloweza kulifanya katika ule wa 1991. Mwendo huo Guasti aliufuatiza kutoka Metroid: Zero Mission, mchezo wa Nintendo wa mwaka 2004, lakini kuufuatiza si kazi ya kunakili maandishi. Ni lazima ufahamu anaanza kuanguka baada ya muda gani, na anageuka hewani kwa wepesi gani. Nilijaribu mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, katika daraja nyepesi. Kila nilipoanguka nilijua kosa lilikuwa langu. Katika michezo mengine aliyonionesha mjukuu wangu, iliyotengenezwa na washabiki vile vile, nilianguka na sikujua kwa nini. Mwalimu anayemwadhibu mtoto asijue kosa lake amemfundisha hofu tu. Mchezo nao ni hivyo hivyo.

Kuna kitu kiitwacho mpira wa buibui. Samus anajikunja akawa mpira, kisha anatambaa kutani na darini kama buibui. Ulikuwamo tangu 1991, lakini katika mashine ile ndogo unatambaa juu ya kuta ndefu zisizo na kitu ukisubiri kufika. Guasti ameujengea sababu. Kila ukuta mrefu una tundu, na tundu lina chumba, na chumba kina kitu. Tulipoteza jioni nzima juu ya dari moja na hatukujuta.

Halafu mpangilio. Asili ilikuwa na magofu yaliyofanana. AM2R imeyapa kila eneo kazi yake. Moja ni la mitambo ya maji, jengine ni kiwanda, na unapopita unafahamu kwamba watu wa kale wa sayari ile, waitwao Chozo, walikuwa wakiishi hapa na kufanya kazi. Ukiwaua Metroid wa eneo hilo tindikali inashuka kama zamani, lakini sasa unajua unaacha nyuma mahali gani. Na viumbe wenyewe hawaji tena kwa namna moja. Zamani ulisimama ukawamiminia makombora mpaka wafe. Sasa kila aina ina hila zake, na wale wakubwa walitushinda mara nyingi hata mjukuu wangu akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Alama nilizozikata ni za kiza. Guasti ametia ramani inayojichora yenyewe kila upitapo. Ametia rangi, na ni nzuri. Ametia muziki uliopangwa vizuri mahali ambapo mara nyengi palikuwa na milio ya ajabu ajabu isiyo na raha. Vyote hivi ni vya kusifiwa kimoja kimoja, lakini vikikaa pamoja vinamwondolea mchezaji kitu alichokuwa nacho kwenye Game Boy, nacho ni upweke wa mtu aliyepotea chini ya ardhi asijue kama atatoka. Penseli yangu haikuwa na kazi tena. Mjukuu wangu alisema, "Lakini, Bibi, ule wa zamani ulikuwa hivyo kwa sababu mashine ilikuwa dhaifu." Huenda. Shairi nalo limefungwa na mizani, na hatusemi kwamba malenga angekuwa na mizani pana zaidi angetunga vizuri zaidi. Kwa kiza nimempa 9 juu ya 20.

Pia kuna maelezo ya maandishi yanayofunguka kila ufikapo mahali papya. Ni mengi kupita haja, na baadhi yake yanakueleza ulichokwisha kukiona kwa macho. Nilitaka kuyapigia mstari kwa wino mwekundu.

Lakini nataka kukaa kidogo kwenye mwisho, kwani hapo ndipo nilipomtambua mwanafunzi aliyesoma asili kwa moyo. Mwaka mmoja baada ya AM2R, tarehe 15 Septemba 2017, Nintendo wenyewe walitoa mchezo ule ule uliotengenezwa upya, Metroid: Samus Returns, kwa mashine yao ya 3DS. Waliutengeneza pamoja na kampuni ya Kihispania iitwayo MercurySteam. Mjukuu wangu wa kike wa Ruwi anao, na alituchezea sehemu za mwisho. Ni kazi ya watu wenye fedha na ujuzi, na ina mengi mazuri. Ila pale baada ya yai kupasuka, pale pa ukimya, wametia vita vyengine na joka moja liitwalo Ridley. Wenye nyumba wameujaza ukimya kwa kishindo. Guasti, mgeni asiye na haki hata ya kuugusa mlango, alikuwa na miaka kumi ya kuongeza alichotaka, na pale hakutia vita. Mtoto na mama wanapanda juu kwa utulivu. Mwanafunzi wa namna hiyo nampa alama kwa alichokiacha.

Jumla yake ni 81 juu ya 100. Kwenye daftari ningeandika: vizuri sana.

Sasa hoja ya ami. Siku chache baada ya AM2R kutoka, Nintendo waliitumia sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 kuzitaka sehemu zilizoutoa mchezo huo ziuondoe, nazo zikauondoa. Mwezi uliofuata, baada ya kutoa toleo moja lililorekebishwa, Guasti akaacha kuuendeleza. Washabiki wengine waliichukua kazi hiyo wakaendelea nayo bila yake. Mwisho wa mwaka ule ule, AM2R pamoja na Pokémon Uranium, mchezo mwengine wa washabiki, ilitajwa miongoni mwa kazi zinazoshindania tuzo ya kazi bora ya washabiki katika The Game Awards, kisha majina yote mawili yakaondolewa kwenye orodha.

Mama yake mdogo anasema huu ni ukatili, kwa kuwa yule mtu hakuuza. Ami anasema kutoa bure mali isiyo yako ni kutoa mali isiyo yako. Katika hili ami ana nguvu. Kwa sisi tuliosoma chuoni, jambo hili halikuachwa wazi: Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi katika kikao chake cha tano, Kuwait, Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zenye kulindwa, na haijuzu kuzivamia. Samus ana mwenyewe.

Hata hivyo nilimwambia ami asiseme kana kwamba sisi hatujapata kuyaona haya. Watunzi wetu wana takhmisi. Mshairi huzichukua beti za mwenzake wa kale, kila beti akaitilia mistari yake mpaka ikawa mitano, na hapana aliyemwita mwizi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, alizifanyia takhmisi beti za Liyongo, na ni hiyo takhmisi iliyotufikishia beti zenyewe. Na Juma Bhalo wa Mombasa, ambaye baba zenu walimsikiliza mpaka kanda zikakatika, aliimba maneno ya Kiswahili juu ya sauti za filamu za Kihindi. AM2R ni takhmisi. Ukiicheza unaweza kuona mistari ipi ni ya zamani na ipi ni ya Guasti, na ya Guasti haiwaonei haya wenzake. Tofauti ni kwamba Liyongo alikwisha kufa zamani wala hakuwa na duka. Nintendo wana duka, na wakati Guasti anautoa mchezo wake wao walikuwa karibu kuutoa wao.

Alipoisikia hoja hiyo ami alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonisaidia kuliko yote: "Haya, na huyo Muargentina aliishia wapi?"

Nikamwuliza mjukuu wangu, naye alijua yote. Guasti aliajiriwa na Moon Studios, na akafanya kazi ya kubuni viwanja vya mchezo uitwao Ori and the Will of the Wisps, uliotoka Machi 2020. Huo nao ni mchezo wa kuruka, na wahusika wake ni wa kampuni yenyewe. Si yeye peke yake. Andrew Spinks wa Marekani alitengeneza Super Mario Bros. X mwaka 2009 kwa kutumia watu wa Nintendo, kisha akawaacha, na mwaka 2011 akatoa Terraria, mchezo wake mwenyewe, uliopendwa dunia nzima. Christian Whitehead wa Australia alianza kwa kufuatiza Sonic, na Sega, wenye Sonic, walimwita ndani. Mwaka 2017 ikatoka Sonic Mania kwa mkono wake na wenzake, kwa idhini. Na mwaka 2012 Capcom walimkuta kijana wa Singapore, Seow Zong Hui, akitengeneza mchezo wa Mega Man, wakamsaidia na kuutoa wenyewe siku Mega Man ilipotimiza miaka 25. Kampuni moja hufunga mlango, nyengine hukaribisha, na kijana hawezi kujua mapema atabisha hodi kwa nani.

Mjukuu wangu alinisomea majina haya kama hoja ya upande wake. Mimi nimeyasoma vyengine. Wapenzi wa Metroid ni wengi sana duniani, na wengi wameanza kuutengeneza upya mchezo ule. Guasti hakuajiriwa kwa sababu alimpenda Samus. Alimaliza. Kazi ya mjukuu wangu ina vyumba 11, na nimeitazama kwa jicho lile lile. Mwendo ni mzuri, pengine 14 juu ya 20. Mpira wa buibui unakwama kwenye pembe. Mwisho hauna, wala mwanzo, na amekaa nayo miaka miwili, mwaka mmoja katika hiyo akirudia mtihani wa kemia.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyowaandikia wajumbe. Fedha za mwaka huu apewe msichana wa uuguzi, zote, bila ya kugawanywa. Mjukuu wangu arudi mwakani na mchezo mdogo, hata wa viwanja vitatu, lakini uwe na mwanzo na mwisho, na asiwemo ndani yake mtu wala mdudu wa Nintendo. Akiuleta, mfuko umlipie mwaka wa kwanza, na ami yake asimame kuusemea, kwani amekwisha kuniahidi mbele ya mashahidi. Mwendo aliojifunza kwa Metroid akae nao. Mwendo wa kuruka hauna mwenyewe, kama bao lisivyo na mwenyewe.

Hakufurahi. Aliniambia, "Bibi, nikimtoa Samus hapatabaki kitu." Nikamwambia aende akatazame, huenda kimebaki. Binti yangu naye hajanipigia simu tangu Ijumaa iliyopita, na huyo mara nyingi hunipigia kutwa mara mbili. Nayaandika haya ili ndugu wajue kwamba ripoti hii haikuandikwa kwa kumpendelea mtu.

Wajumbe watakutana Jumamosi ya pili baada ya Idi ndogo kutoa uamuzi wao. Mwenye neno juu ya pendekezo langu, awe wa upande wa msichana au wa kijana, amwandikie mweka hazina kabla ya siku hiyo. Mwenye kutaka kuuona mchezo wenyewe wa 1991, kaseti na Game Boy bado ziko kwangu pamoja na ramani yangu ya penseli, ila aje na betri zake nne.